Kijana Mwenye Moto Kiganjani

Kitendawili!

Nawe usikae kimya kama mgeni, sema tega. Haya: anakimbia wala hafiki, analia wala halowi, anapigwa wala havimbi. Ni nani huyo?

Umesema kivuli? Kivuli hakina machozi, mjukuu wangu. Umesema saa? Saa inafika, sisi ndio tunaochelewa. Basi umeshindwa, nipe mji. Dar es Salaam siitaki, joto lake litaniua. Nipe Bukoba, uniongezee na Muleba, kama muuza ndizi anavyomwongezea mteja kichane. Ahsante. Nilipokwenda Bukoba nilikula ndizi kwa nyama, nikala senene, nikashushia maziwa mgando, nawe ulikuwa unachungulia mlangoni. Jibu ni mtu wa kuchorwa kitabuni. Na kwa kuwa umenipa mji mzuri, nitakulipa kwa hadithi ya mtu wa kuchorwa aliyewagombanisha wapenzi wawili, akawapatanisha, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, mwaka 1988. Soko la Bukoba lilikuwa limefurika hadi barabarani: mikungu ya ndizi, mafungu ya dagaa, kuku waliofungwa miguu, wauza mitumba wakiimba bei. Mvua ya kwetu haipigi hodi. Ilishuka ghafla kutoka ziwani, na kila mwenye miguu akakimbilia baraza.

Kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Damayanti alikaa fundi cherehani aliyeitwa Kokubanza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, gauni la kitenge cha njano lenye mikono ya puto alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia shingoni, na ulimi usiolala njaa. Mbele yake alitokea kijana akikimbia, suruali ya kaki imejaa madoa ya saruji, mabuti ya mpira yanalia kwacha kwacha. Shati lake jeupe lilikuwa limetuna tumboni, naye amelikumbatia tumbo hilo kwa mikono miwili.

"Karibu," alisema Kokubanza bila kuacha kukanyaga cherehani. "Wanaume waja wazito tunawashonea magauni mapana. Mimba yako ina miezi mingapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Kijana naye akacheka, maji yanamtiririka puani.

"Miwili tu, fundi. Lakini nadhani ni mapacha, maana ni nzito."

Akafungua vifungo, akatoa kitabu. Kilikuwa kinene kama kitabu cha simu, kimelowa hadi kimevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Kicheko kikamwisha usoni.

"Basi," alisema taratibu. "Kimekufa."

Kokubanza aliuona uso ule, akaacha kukanyaga. Aliipuliza pasi yake ya mkaa mpaka makaa yakawa mekundu, akatandika kitambaa cha marekani juu ya meza. "Lete. Nimeshafufua sare za shule zilizokanyagwa na ng'ombe, nitashindwa na karatasi?"

Akafunua ukurasa wa kwanza, akaufunika kwa kitambaa, akapitisha pasi. Harufu ya mvuke na wino ikapanda. Alipofunua, akamwona kijana aliyechorwa kwa kalamu nyeusi, nywele zimemfunika jicho moja, mkono ameuinua juu, na katikati ya kiganja chake unawaka moto.

"Mama yangu! Huyu ameshika nini?"

"Moto," alisema mwenye kitabu. "Kumbe nawe umeuona. Hizo herufi sizijui hata moja. Mimi ni Mujuni, fundi bomba kwenye mradi wa visima Muleba. Mhandisi wetu alikuwa Mjapani. Siku alipoondoka alinipa kitabu hiki kwa mikono miwili, akainama kama mtu anayesali. Nimekitazama miezi miwili, bado sijajua kijana huyu moto ameupata wapi."

"Na kurasa zimegandana," alisema Kokubanza. "Nikizivuta kavu zitachanika. Itabidi nizibandue chache chache, kwa mvuke. Kiache hapa."

"Nitakifuata lini?"

"Si unakuja mjini?"

Mujuni alikuwa akija mjini mara moja kwa mwezi kuchukua vipuri. Tangu siku ile, mradi wa visima ulianza kuharibikiwa vipuri kila Jumamosi.

Na baraza likapata shughuli. Kila Jumamosi Kokubanza alibandua kurasa kumi au kumi na mbili, na watu wakajazana nyuma ya bega lake. Yule kijana walimwita Muliro, yaani moto kwa Kihaya. Kitabu kilikuwa na mambo ya ajabu. Mtu alianguka chali kwanza, ndipo Muliro akaja kumpiga. Nyumba iliungua, kisha ikawaka, kisha ikasimama nzima.

"Hapo ndipo penye siri," alisema Ta Gamaliel, mzee fundi baiskeli, mafuta ya mnyororo yamemjaa vidoleni. "Adui anaanguka kabla hajaguswa! Nguvu hiyo si ya mkono, ni ya jicho. Ndiyo maana analificha moja kwa nywele."

"Jicho gani, Ta Gamaliel? Tazama mbwa huyu mweupe. Kila penye moto, mbwa yupo. Nguvu ni za mbwa," alibisha muuza mitumba mmoja.

"Nyinyi wote hamjui kitu," alisema Mama Damayanti kutoka ndani, sari yake ya zambarau imepambwa kwa vumbi la chaki ya kukatia vitambaa. Alizaliwa Bukoba, akaolewa Bukoba, akamzika mumewe Umedbhai Bukoba. Ndugu zake walikwenda Ulaya mmoja mmoja, yeye akabaki na duka lake na miwani iliyofungwa uzi. "Mtoto huyo aliishi zamani, akafa, akazaliwa tena. Moto ni deni la maisha ya kwanza. Na wewe Mujuni, unatazama kitabu au unatazama fundi wangu?"

"Natazama pasi, Mama. Naogopa isimuunguze."

"Isiunguze nini? Kitabu?"

"Na kitabu pia."

Katikati ya wiki Mujuni alipiga simu dukani kutoka posta ya Muleba. Simu ya miaka ile ilipita mikononi mwa mwanamke wa mitambo, na kila mtu alijua kwamba mwanamke yule ana masikio.

"Kokubanza, mpenzi, umeamkaje?"

"Nimeamka nikiwa na kazi. Sema upesi."

"Nimefikiri usiku kucha. Ule moto ameupata ziwani. Umeona yale mawimbi ukurasa wa hamsini?"

"Yale ni mawingu, Mujuni. Wewe kwa kuwa unachimba visima, kila kitu unaona maji."

"Basi nieleze wewe, sukari yangu."

"Sukari ya mgawo hiyo, usiimalize kwa simu."

"Samahani, Muleba," sauti ya mitambo ikaingilia, "dakika zenu tatu zimekwisha. Ila mimi nasema ni mbwa."

Hivyo ndivyo walivyopendana, mjukuu wangu, kwa kubishana juu ya mtu wa wino. Jioni moja ya mwezi wa saba Mujuni alimsindikiza Kokubanza hadi njia inapokata kwenda Nyanga, kahawa imechanua pande zote mbili kama iliyomwagiwa unga.

"Kokubanza," alisema akiisukuma baiskeli, "nimechoka kukuonea barazani. Nije lini kwenu?"

Kwetu swali hilo lina uzito. Kijana akija kwenu haji kunywa maji, anakuja kuposa. Kokubanza aliivua futi shingoni. Akaizungusha kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Giza linaingia," alisema. "Rudi salama."

Akashika njia ya Nyanga peke yake.

Nikuambie kilichomfunga ulimi. Wazazi wake walikuwa wameshafariki. Nyumbani Nyanga alikuwa na dada yake mmoja tu, Adventina, aliyemlea na kumlipia mafunzo ya cherehani. Mume wa Adventina alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na sasa Adventina mwenyewe alikuwa kitandani, amekonda mpaka bangili zinamtoka. Ulikuwa ule ugonjwa. Watu wa kwetu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kabla redio haijatufundisha kusema ukimwi. Vita vya mpakani vilikuwa vimepita na kutuachia makaburi na mabati yenye matundu. Bado hatujamaliza kuyahesabu ndipo ukaja huo. Muuguzi alimwambia Kokubanza waziwazi: kumshika mkono, kula naye, kumfulia nguo zake za kawaida, hakuambukizi; penye damu vaa mipira ya mikono. Lakini majirani hawakumsikia muuguzi. Walisimama uani wakasema pole kutoka mbali. Kokubanza aliwaza: nikimwambia Mujuni, atakuja? Akija, atasimama wapi?

Mwezi wa nane wakafika kurasa za mwisho. Siku hiyo baraza lilijaa hata Ta Gamaliel akapanda juu ya kreti ya soda. Kokubanza alibandua ukurasa. Muliro amekuwa mtoto mdogo, amechuchumaa, na kiganjani mwake imebaki cheche moja kama punje ya ulezi. Ukurasa uliofuata, mwanamke amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, na mtoto amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Ukurasa wa mwisho, mtoto amesimama mlangoni. Viganja vyake vitupu. Moto hakuna.

Watu wakasogeza vichwa karibu.

"Mbona umezimika?" aliuliza Ta Gamaliel kwa huzuni ya kweli.

"Ni wazi," alisema Mujuni. Sauti yake ilikuwa ngumu, si ile ya kila Jumamosi. "Moto alizaliwa nao. Kosa lake ni kurudi nyumbani. Angemwacha mgonjwa, akaendelea na safari, angekuwa nao mpaka leo. Ukimshika mtu wa namna ile, na wewe umekwisha."

Pasi ilisimama mkononi mwa Kokubanza. "Hata kama ni mama yake?"

"Hata kama ni mama yake. Mimi nisingemshika."

Kitambaa cha marekani kikaanza kutoa moshi. Kokubanza aliinua pasi, akaiweka pembeni polepole. Akafunga kitabu, akakipeleka kwa Mama Damayanti ndani.

"Kazi yangu imekwisha," alisema. "Mwenyewe akitaka, achukue."

Mujuni alidhani amechoka. Alimuaga, hakuitikiwa. Wiki iliyofuata alipiga simu.

"Kokubanza yupo?"

Mama Damayanti aliziba simu kwa kiganja, lakini si vizuri. "Yupo hapa anakutazama... Aa? Anasema hayupo."

"Nimemkosea nini, Mama?"

"Anasema hayupo, na kwamba hujamkosea kitu, na kwamba usipige tena."

"Muleba," sauti ya mitambo ikasema kwa upole, "dakika mbili zilizobaki nakuachia, lakini huko wameshakata."

Wiki nne alikaa Muleba na vipuri vyake vikawa vizima. Ya tano akapanda lori la kahawa, akaja Bukoba. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa khanga. Barazani hakuna mtu ila Ta Gamaliel, aliyemwitikia salamu kwa kikohozi.

"Mama Damayanti, yuko wapi?"

"Kwao. Siku hizi ananishonea huko huko, kwa mkono."

"Kwa nini?"

"Mimi nimeapa sitasema." Mama Damayanti akamtolea kitabu kutoka chini ya meza, akakitua mbele yake. "Chukua Mjapani wako."

Ndipo alipoingia Mwalimu Ismaili Karugendo, mwalimu wa madrasa, kufuata kanzu aliyoacha ipunguzwe mikono. Alikikuta kitabu juu ya meza, na kwa kuwa kanzu ilikuwa bado inatafutwa, akakichukua akaketi. Hakuwahi kuwa mtu wa baraza lile. Kitabu alikuwa akikisikia tu. Bila kufikiri alikilaza mapajani kwa namna aliyozoea tangu utoto, akakifungua upande wa kulia.

"Mwalimu," alisema Mujuni kwa uchovu, "umeanzia mwisho."

"Mwisho?" Mwalimu aliinua nyusi. "Si hili hapa jalada, lenye sura na jina? Tangu lini jina la kitabu likawekwa kwenye kisogo? Hebu tuone." Akafuata picha kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyofuata juzuu. "Mtoto yuko mlangoni, mikono mitupu. Anaingia. Mama yake anaumwa. Anamshika mkono. Maskini... Ee, tazama! Cheche inaingia kiganjani. Mama ndiye anampa." Akafunua zaidi, kidole kinakimbia. "Hapa anapiga, adui anaanguka. Safi kabisa. Mbona mlikuwa mnasema anaanguka kabla hajapigwa?"

Ta Gamaliel alikuwa amesogea mlangoni. Akavua kofia. "Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano tumekaa tunamrudisha mtoto wa watu kinyumenyume!"

Mama Damayanti alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Mujuni hakucheka. Alikuwa amekishika kile kitabu upande wa kulia, macho yamenasa kwenye mikono ile miwili ya mtoto. Tone likaanguka juu ya karatasi, na hakuna aliyekuwa na pasi ya kulikausha.

Mama Damayanti aliacha kucheka. "Viapo vingine ni dhambi," alisema. "Kokubanza anamuuguza dada yake. Ugonjwa ule. Na wewe ulisimama hapo barazani ukasema usingemshika."

Mujuni hakumngoja amalize. Aliazima baiskeli ya Ta Gamaliel, akaifuata njia ya Nyanga, kitabu kimefungwa nyuma.

Jua lilikuwa bado kali alipofika. Uani palikuwa pamefagiliwa, nyasi safi zimetandikwa sebuleni, na karibu na mlango Adventina ameketi kwenye mkeka, amevikwa gauni jipya la buluu lililopunguzwa mara mbili. Kokubanza alikuwa anamchana nywele. Alipomwona Mujuni, kitana kilisimama.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuwasalimia."

"Salimia kutoka hapo hapo uliposimama. Ndivyo wanavyofanya wote."

"Kokubanza!" Adventina alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ya mwenye nyumba. "Mgeni hasalimiwi uani. Ingia, baba. Keti."

Mujuni akavua mabuti, akaketi juu ya nyasi. Adventina akavuta kikapu kidogo kilichokuwa kando ya goti lake. Unajua desturi yetu: mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari anapewa kahawa ya kutafuna. Tangu alipougua, Adventina alikuwa akiwatolea wageni kahawa, nao wakasema meno yanauma, wakasema wamefunga, wakasema wametoka kutafuna sasa hivi. Kikapu kilikuwa kimejaa vilevile kwa miezi. Alichota punje chache, akamnyooshea kwenye kiganja chake kilichokonda. Kokubanza akageuza uso asione.

Mujuni alinyoosha mikono miwili. Hakuzichukua punje, kwanza aliushika mkono wenyewe, akaufunika kwa mikono yake, akakaa hivyo. Kisha akachukua kahawa, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Kasinge, waitu," alisema. Asante, mpendwa.

Adventina alimtazama akitafuna. "Ni chungu? Ni ya zamani."

"Ni tamu."

"Muongo mkubwa," alisema Adventina, machozi na kicheko pamoja.

Kokubanza alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa lini. "Ulisema usingemshika. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema." Mujuni alitazama nyasi. "Sikuwa nasema habari za kitabu. Vita vilipotukuta Kyaka nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa na homa, hawezi kutembea. Alininyooshea mkono. Mjomba akanivuta, akasema ukimshika hutamwachia, tutakufa wote. Nikakimbia sikumshika. Mpaka leo sijui alikufa siku gani. Nimejiambia miaka kumi kwamba ndivyo ilivyopasa, kwamba aliyekimbia ndiye anayebaki na moto. Leo Mwalimu Karugendo amekigeuza kitabu. Tulikuwa tunaanzia nyuma, Kokubanza. Mtoto alikuwa mikono mitupu. Moto ulianza pale alipomshika mama yake."

Adventina alijivuta, akakaa wima.

"Kilete nikione," alisema Adventina.

Akakiweka mapajani mwake, akaanzia kulia. Akaitazama ile picha ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. "Mtoto huyu ni mzuri," alisema. "Ila mnasema mama alimpa moto, kama aliyempa akabaki mtupu. Mimi ninayelala kwenye mkeka nawaambia: aliyeshikwa mkono naye anaota huo moto." Akafunua ukurasa. "Na huyu mbwa wa nini?"

Kokubanza akacheka. Kicheko kilimtoka kikiwa kimelowa, lakini kilikuwa kile kile cha siku ya mvua, na Mujuni alikisikia kikimshuka hadi kwenye nyayo.

Namshukuru Mungu ninayo haya ya kukusimulia. Adventina aliishi hadi mvua za mwaka uliofuata. Alikula ndizi za arusi kwa mkono wake mwenyewe, na wageni wa siku hiyo walitafuna kahawa ya kikapu chake mpaka ikaisha, kwa maana mmoja akishatangulia, wengine wanaona haya kubaki nyuma. Miaka ile ilituchukulia wengi. Ndiyo maana walionyoosha mikono nawahesabu mmoja mmoja, nikishukuru.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa bado. Jua lilipoteremka Mujuni alisimama, akayachukua mabuti yake mkononi. Kokubanza akamtoa hadi ukingo wa uwanja, futi bado shingoni.

"Mchana wote umemjibu dada tu," alisema Mujuni. "Mimi uliniacha njiani na swali langu tangu mwezi wa saba."

"Swali gani? Una maswali mengi wewe. Mara ziwa, mara mawingu."

"Kokubanza."

"Liseme tena, nilisikie vizuri."

"Nije lini kwenu?"

Kokubanza aliyatazama mabuti mikononi mwa Mujuni, akayachukua, akageuka nayo, akayarudisha ndani na kuyapanga kando ya mlango, pamoja na viatu vya wenyeji.

"Umeshafika," alisema.